Picha za wasioweza kukataa: barua ya wazi kutoka Malindi

Kwa Idara ya Afya ya Serikali ya Kaunti ya Kilifi. Kwa makamanda wa polisi wa Malindi na Magarini. Kwa wahariri wa magazeti, redio na televisheni. Kwa Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya. Na kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

YAH: PICHA ZA WAGONJWA, MAITI, WATOTO NA WENYE NJAA

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima, mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Malindi. Kazi yangu ni upande wa wanawake: kesha la singo, yaani usiku wa kumsinga bibi harusi, kupamba, siku bibi harusi anapotolewa. Nawaandikia kwa sababu ya ninayoyajua kutokana na kazi hii, na kwa sababu ya ninayoyaona kwenye simu za watu kila wiki.

Kwetu, mlangoni mwa ukumbi wa wanawake huketi mama mmoja mkali na kikapu chake. Simu zote huingia humo, na asiyetaka kuitoa yake hubandikwa karatasi ya gundi juu ya kamera. Mpiga picha lazima awe mwanamke. Memori, yaani kadi ya kamera yenye picha, ni mali ya mwenye harusi: nikimaliza kazi namkabidhi mkononi, na nakala iliyobaki kwenye kompyuta yangu naifuta yeye akiwa ameketi kando yangu anatazama. Zipo familia ambazo haziniruhusu hata kumpa fundi mwingine picha moja aisafishe rangi. Masharti haya hayakuandikwa popote, wala hayana tume ya kuyasimamia. Lakini mpiga picha ambaye picha ya mke wa mtu imeonekana nje kupitia kwake, kazi yake imekwisha. Kutoka Shella hadi Mambrui hatapata harusi tena.

Sasa mwanamke yuleyule, ambaye usiku ule mji mzima ulimlinda uso, apate ajali barabara ya Mombasa. Au alazwe wodini. Au ukame umkute Marafa, apange foleni ya unga. Ghafla uso wake hauna mwenyewe. Anayepita na simu anapiga. Askari anapiga, mhudumu anapiga, mgeni mwenye fulana ya shirika anapiga, na kabla ya adhuhuri picha iko Nairobi na Dubai.

Tofauti ya wanawake hao wawili ni kwamba wa kwanza ananilipa. Anayelipa anaweza kusema hapana, nami nikatii kwa sababu riziki yangu iko mkononi mwake. Mgonjwa, maiti, mtuhumiwa aliyefungwa pingu, mtoto, mtu aliyeshinda na njaa, hawa hawana la kumnyima mpiga picha. Ndiyo maana nasema, na hili ndilo lililonifanya niandike: mtu aliye mikononi mwenu hawezi kukataa, kwa hiyo kukataa ni wajibu wenu kwa niaba yake. Hatuwezi kumwachia mzigo huo yeye, kisha tukasema hakukataa.

Nianze na jambo ambalo Malindi haijalimaliza kulilia.

Aprili 2023 msitu wa Shakahola ulipoanza kutoa maiti za wafuasi wa mhubiri aliyewaambia wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, mji huu ndio uliowapokea. Chumba cha maiti cha hospitali yetu kilijaa, makontena ya baridi yakaletwa, Msalaba Mwekundu wakaweka meza ya kuwatafuta waliopotea, na jamaa wakamiminika kutoka kila pembe ya Kenya. Uchimbaji uliendelea kwa awamu, miezi kwa miezi, na idadi ya miili ikapita 400. Familia za kwanza zilikabidhiwa miili yao Machi 2024, baada ya vipimo vya DNA. Fikirieni maana yake. Kwa karibu mwaka mzima kulikuwa na watu wasio na maiti ya kuzika wala kaburi la kuzuru, lakini picha walikuwa nazo. Zilikuwa kwenye simu zao na simu za majirani. Nimewaona kina mama wakikuza picha kwa vidole viwili, wanatafuta kovu, wanatafuta rangi ya gauni.

Picha nyingine ziliwapata walio hai. Walionusurika walitolewa msituni wamekonda, wengine hawawezi kusimama, wengine wanakataa hata maji, na kamera ziko usoni mwao tangu wanabebwa hadi wanawekwa garini. Nani aliwaomba idhini? Na angewaomba, mtu ambaye hajala kwa siku nyingi na anaamini anakwenda kukutana na Yesu angejibu nini ambacho sisi tungekiita idhini? Juni 2023 watu 65 kati ya waliookolewa walifikishwa mahakamani Shanzu kwa kosa la kujaribu kujiua, kwa kuwa walikuwa wanakataa chakula katika kituo walichohifadhiwa. Walifikishwa mbele ya hakimu na mbele ya kamera pia. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kwa hiyo mahakama imejirekebisha. Picha haijirekebishi. Mtu aliyepona, akarudi kwao, akatafuta kazi, mwajiri wake akiandika jina la msitu ule kwenye simu atamkuta yuko palepale, mbavu nje, siku mbaya kuliko zote za maisha yake.

Waheshimiwa wahariri, nawakumbusha jambo moja kwa upole. Januari 15, 2019, hoteli ya DusitD2 iliposhambuliwa Nairobi, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya watu waliouawa wakiwa wameinama juu ya meza zao. Wakenya tulighadhibika. Tuliwaambia kwamba wasingewaonyesha hivyo maiti wa Marekani. Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya lilisimama nasi, likaliandikia gazeti hilo na kulitaka liiondoe. Tulikuwa na haki, na mimi nililiheshimu Baraza siku ile. Lakini swali tuliloliuliza Marekani linatuhusu na sisi ndani ya nchi yetu. Yule aliyeuawa akinywa kahawa katika hoteli ya Nairobi na yule aliyekufa njaa katika pori la Chakama, ulipo msitu wa Shakahola, tuliwasitiri sawa? Mimi nilikuwa Malindi. Jibu langu ni hapana, na sioni sababu nyingine isipokuwa umaskini na umbali.

Katika mji huu mwosha maiti hatoki nje akasimulia alichokiona mwilini. Anaosha, anakafini, anafunga mdomo, maana anajua mwosha huoshwa. Wengi wao ni wazee ambao hawakusomea maadili darasani, na wala hawana leseni ukutani. Inakuwaje basi watu tuliowasomesha na kuwapa sare tukawaone na picha za maiti kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi waliosoma pamoja?

Nitaeleza la mteja wangu mmoja, ameniruhusu. Nilimpiga picha za harusi yake. Mumewe alipata ajali, akafia katika hospitali moja ya pwani hii, siitaji. Familia ilikuwa bado inashauriana nani atamwambia mke na kwa maneno gani, maana alikuwa mjamzito. Simu yake ikalia. Ilikuwa picha ya mumewe kitandani, imetumwa na mtu wa mtaa mwingine kabisa na maneno ya pole chini yake. Picha ile haikupigwa na mwandishi wa habari. Ilipigwa kutoka ndani, ng'ambo ya pazia, mahali ambapo ndugu wa marehemu mwenyewe alizuiwa kuingia.

Ndiyo maana nasema tunawalaumu sana wanahabari na kuwasahau wenye funguo. Ukifuatilia picha mbaya kuanzia ilikotoka, mara nyingi utafika kwa mtu aliyekuwa kazini: aliyefungua mlango, aliyefunua shuka, aliyeizunguka gari iliyopinduka kwa sababu sare yake inamruhusu kuvuka utepe. Gazeti linaipokea ikiwa tayari imezunguka mji.

Na si kila mara ni ubaya wa moyo, hili nataka liwekwe wazi. Muuguzi wa zahanati ya mbali ana kidonda asichokielewa. Anapiga picha kwa simu yake, anamtumia daktari Mombasa, anapata ushauri, mgonjwa anapona. Nani atamlaumu? Lakini simu ile imeshaihifadhi picha mahali pa pili bila yeye kujua, kwenye akaunti yake ya intaneti. Ya daktari nayo imeipakua yenyewe. Jioni mtoto wa muuguzi anachezea simu ya mama. Na wale wanaotuma kisha wakafuta wanadhani wamefuta. Aliyekwisha kuihifadhi hajafutiwa kitu. Mimi huishi na mambo haya kila siku, ndiyo maana siruhusu memori ya harusi iingie kwenye simu hata kwa dakika moja. Hospitali inaweza kununua simu moja ya kazi na kamera moja ya kazi, zikaandikwa kwenye daftari, zikalala kabatini chini ya ufunguo. Bei yake ni ndogo kuliko sherehe moja ya uzinduzi.

Nije kwa wazee wetu. Kila mtu Kilifi anajua kwamba wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, na kwamba nyuma ya neno hilo mara nyingi kuna shamba ambalo vijana wanalitaka. Hapa Malindi kuna kituo cha kuwahifadhi waliokimbia kuuawa. Hata Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1925 na mkoloni, inamtia hatiani anayemtuhumu mwenzake uchawi, isipokuwa amepeleka madai yake kwa mamlaka. Kisha huja mwandishi mwenye nia njema kabisa, anataka dunia ijue masaibu ya wazee hawa. Anampiga mzee uso mzima. Chini anaandika jina lake, kijiji chake, idadi ya watoto wake, na mahali alipojificha. Waliomfukuza nao wana simu. Yule mzee aliyekubali kupigwa picha alikubali kwa sababu amekaribishwa, amepewa kitanda na chai, na mwenyeji wake ndiye aliyemleta mgeni mwenye kamera. Angemwambiaje hapana?

Hadithi yake inaweza kusimuliwa vizuri bila uso. Nasema kama mtu wa kazi. Mweke mlangoni, mwanga uwe nyuma yake, atoke kivuli kitupu. Piga mikono imeshika fimbo. Piga kiti chake na kanzu iliyotundikwa msumarini. Piga kutoka nyuma, lakini utazame kwanza leso au shati, kwa sababu kijiji humjua mtu kwa nguo yake kabla ya sura. Badilisha sauti, maana sauti ya mzee ni kitambulisho. Na tafadhali msituwekee ule ukanda mweusi machoni mkadhani mmeficha kitu. Mama yake mtu atamjua kwa kidevu. Hata kufifisha uso kwa kompyuta si kinga kamili. Mwaka 2007 polisi wa Ujerumani waliurudisha uso wa mhalifu ambaye alikuwa amezizungusha sura zake kwenye picha ili asitambulike, na baada ya hapo akakamatwa. Siku ile ilisaidia haki. Lakini kilichowezekana mwaka 2007 kwa wataalamu wa polisi, leo kijana mwenye programu ya akili mnemba anakijaribu nyumbani. Uso salama ni ule ambao haukupigwa.

Ukame wa 2020 hadi 2023 ulituletea picha nyingine. Lori linaingia Magarini au Ganze, kina mama wamepangwa juani, na mgao hauanzi mpaka mheshimiwa afike na mpiga picha wake afike. Kisha kila mama anakabidhiwa pakiti ya unga, yeye na mheshimiwa wote wawili wameishika, wote wawili watazame kamera. Mara nyingine hurudiwa kama haikutoka vizuri. Nimewahi kuitwa kwenye kazi hizo na najua zinavyolipa. Nimeziacha, lakini sitawalaumu wenzangu wanaozifanya kwa ajili ya kodi ya nyumba, nawalaumu wanaozitoa. Wazee walisema mwenye njaa hana miiko. Basi mwenye unga ndiye awe nayo. Mnasema mfadhili anataka ushahidi. Ni haki yake. Mpigieni magunia, namba ya lori, stoo kabla na baada, jiko linalofuka moshi jioni. Hata mkaguzi wa hesabu angependa hizo zaidi, kwa sababu uso wa mama anayetabasamu hauonyeshi ni kilo ngapi zilizofika.

Watoto nitasema kidogo tu, kwa kuwa sheria yenyewe haina utata. Kifungu cha 53 cha Katiba kinaweka maslahi ya mtoto mbele ya mengine yote yanayomhusu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Mtoto aliyeokolewa, aliyenajisiwa, aliyepewa daftari na kiatu, asionekane. Hakuna cha kujadili hapo.

Kamishna wa Ulinzi wa Data, nakushukuru kwa ya Septemba 2023. Ofisi yako ilitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja wake bila ruhusa. Nilizionyesha habari hizo kwa wapiga picha wenzangu na wengi walishtuka, wakafuta vitu. Adhabu inafundisha. Lakini tazama waliolindwa. Mteja wa klabu ana simu, ana muda, anajua ofisi yako ipo, na anaweza kuandika malalamiko. Mjane wa Langobaya hana hata kimoja katika hivyo. Mgonjwa aliyelazwa hatalalamika dhidi ya hospitali ambayo wiki ijayo atairudia kwa sindano. Ofisi inayongoja malalamiko itawalinda wanaojua kulalamika. Tunaomba afisa wako aje Malindi na Magarini, akae barazani kwa chifu, asikilize kwa Kiswahili na Kigiriama, na aanze uchunguzi mwenyewe pale picha za wodini au za chumba cha maiti zinapoonekana hadharani, bila kungoja mfiwa ajaze fomu.

Kwa upande wa sheria hatuna upungufu. Kifungu cha 28 cha Katiba kinalinda utu wa kila mtu, cha 31 kinalinda faragha yake. Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa 2013 na Sheria ya Afya ya 2017 zinataka siri ya mgonjwa itunzwe. Kanuni za maadili za wanahabari zinaonya kuhusu kuwaingilia watu wakiwa katika majonzi, na kuhusu kutumia picha na majina pale yanapoweza kuleta madhara. Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye jina, katika kila jengo, ambaye picha ikitoka ataitwa yeye kwanza kujieleza.

Wahariri, nawarudia. Mwandishi wenu wa Malindi mara nyingi hana mshahara. Analipwa kwa habari iliyotoka. Yuko juani Shakahola tangu alfajiri, nauli ni yake, na simu ya Nairobi inamuuliza jambo moja: picha ipo? Akijibu kwamba anayo ya kaburi lakini hakupiga nyuso, mwingine atatuma nyuso na yeye atalala bila kitu. Msimfundishe maadili kijana huyo kwenye semina ya hotelini halafu mkamlipa kwa kuyavunja. Mlipeni picha aliyoizuia. Mpigieni simu baada ya kazi kama ile mkamuulize analala vipi, kwa sababu najua wasiolala.

Sasa naomba wenye vyeo wanisikilize kwa makini hapa, nisije nikawapa fimbo ya kuwachapia wengine. Siandiki barua hii ili milango ifungwe. Shakahola haikufichuliwa na ofisi iliyokuwa imelala. Wanaharakati wa haki za binadamu wa Malindi na wanahabari walipiga kelele, na bila kamera kuna wakubwa ambao wangesema hakuna kitu. Machi 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema wazi kwamba maafisa wa usalama wa Malindi walizembea. Serikali ilipouwekea msitu ule amri ya kutotoka nje na kuwazuia wanahabari, wengi wetu tulihofu kwamba kinachositiriwa si marehemu. Heshima ya maiti isitumike kuficha uzembe wa aliye hai. Mwandishi aingie. Ahesabu makaburi, apige udongo, apige majembe na mifuko, apige maafisa usoni, hao wana vyeo na wanaweza kujibu. Aiulize serikali maswali mpaka ichoke. Uso wa aliyekufa kwa njaa hauongezi neno hata moja kwenye maswali hayo.

Na mhubiri aliyewapeleka watu msituni alikuwa na televisheni yake na video zake kwenye intaneti. Chombo hichohicho kiliwaita, chombo hichohicho kikawaonyesha walipokwisha. Kati ya hayo mawili mimi sikuona kamera iliyokwenda msituni kuwauliza kwa nini watoto wao hawaendi shule. Hapo ndipo nilipotaka mwandishi awe na ukali.

Kwa Kaunti, ombi langu ni dogo na mnaweza kulitekeleza bila bajeti mpya: simu za binafsi zisiingie chumba cha maiti wala chumba cha upasuaji, na aliye zamu azikusanye mlangoni, awe mkubwa au mdogo, daktari au mheshimiwa aliyekuja kutoa pole. Picha za matibabu zipigwe kwa chombo cha hospitali, bila uso wala jina panapowezekana, na ziandikwe nani kapiga, nani kapelekewa. Kila hospitali na zahanati ibandike ukutani, kwa Kiswahili kinachosomeka, jina la afisa anayejibu malalamiko ya picha.

Kwa polisi: utepe uwazuie na askari wenyewe. Anayepiga eneo la ajali au la maiti kwa ajili ya ushahidi awe mmoja, kwa kamera ya kituo. Na acheni kuwapanga vijana waliokamatwa nyuma ya meza ya vielelezo mbele ya wanahabari. Wakiachiwa huru na mahakama, hakuna anayerudi kupiga picha hiyo.

Kwa Baraza: tangazeni kwa Kiswahili, redioni, jinsi mtu wa kawaida anavyofikisha shauri lake kwenye Tume yenu ya Malalamishi, inayosikiliza malalamiko dhidi ya vyombo vya habari, na msikilize shauri moja hapa Malindi, hadharani, ili waliopigwa picha Shakahola wajue kwamba wana mahali pa kusema. Kisha waulizeni wahariri mmoja mmoja kama wako tayari kuondoa kwenye kurasa zao nyuso za walionusurika, wakiacha habari ibaki. Hilo linafanyika kwa siku moja. Mtu anakaa kwenye kompyuta na orodha.

Wapiga picha wa Malindi tuko tayari kusaidia kwa tunachokijua. Nitakuja hospitalini au kituoni kuwaonyesha maafisa namna ya kupiga bila kumfichua mtu, namna ya kuzima upakuaji wa moja kwa moja, namna ya kufuta memori ikafutika kweli. Sitataka malipo. Wenzangu kadhaa wamekubali kufuatana nami, wanawake kwa wodi za wanawake.

Naomba jibu la maandishi, na naomba libandikwe mahali ambapo watu wa Chakama na Langobaya wanaweza kulisoma, au kusomewa.

Wenu katika kazi,

Mpiga picha wa harusi,
Shella, Malindi.